Jinsi ya Kufikisha Hoja ya Wanawake wa Mwaloni Mpaka Kwenye Bajeti ya Halmashauri

Kila ifikapo Septemba maswali huja yaleyale. "Dada, tulisema mkutanoni kwamba mwaloni hakuna choo, mbona mwaka wa pili huu kimya?" "Barua ya kuomba taa tunamwandikia nani?" "Diwani alisema amelichukua. Sasa tunasubiri nini?" Nimeona niandike hatua zote mahali pamoja, ili kikundi chochote cha wanawake wa kando ya Ziwa Victoria, kiwe Kayenze, Ukara, Kome au huko Magu, kianze kazi bila kungoja mgeni kutoka mjini.

Hoja nyingi za wanawake hazikataliwi na mtu. Mkutano unazipigia makofi, mwenyekiti anashukuru, watu wanarudi nyumbani, halafu hoja inapotea njiani kati ya midomo ya watu na karatasi ya mtendaji. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu karatasi. Ukisoma kwa haraka, usiruke hatua ya 7.

Nitatumia mfano mmoja: choo chenye bafu na taa kwenye mwalo wa dagaa, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Wewe badilisha uweke chako, kama ni vichanja vya kuanikia, chumba cha kujistiri cha wasichana shuleni, au wodi ya wazazi kwenye zahanati.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wanawake watano hadi wanane walio tayari kukaa na jambo hili mwaka mzima. Angalau mmoja awe anaandika vizuri. Awepo anayefanya kazi mwaloni kila siku, awepo pia mwenye ulemavu au anayemlea mwenye ulemavu, kwa sababu choo kisicho na njia ya kiti cha magurudumu kitajengwa kwa jina lenu na yeye atabaki nje.
- Daftari kubwa la jalada gumu, kalamu na faili moja.
- Simu yenye kamera.
- Majina na namba za mtendaji wa kijiji au mtaa, mwenyekiti, wajumbe wanawake wa halmashauri ya kijiji, afisa maendeleo ya jamii wa kata, diwani wa kata na diwani wa viti maalumu.
- Akiba ya nauli. Mkazi wa Maisome anayefuatilia jambo halmashauri ya Buchosa anavuka maji kwanza kisha anapanda gari, na hakuna ofisi itakayomrudishia hiyo pesa. Changeni mapema, kidogokidogo.
- Kalenda ya bajeti, ambayo ndiyo watu wengi hawana.

Kalenda yenyewe iko hivi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Vipaumbele vya vijiji na mitaa kwa kawaida huibuliwa kati ya Oktoba na Desemba kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kata inavichambua, wataalamu wa halmashauri wanaviingiza kwenye rasimu, na baraza la madiwani linaipitisha mwanzoni mwa mwaka, kabla haijapanda mkoani, TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri) na hatimaye Bungeni. Ukipeleka hoja yako Machi, umekosa gari la mwaka huo.

Angalia pia kitu ambacho waliopanga kalenda hawakukifikiria. Oktoba hadi Desemba ndiyo mvua za kupandia Usukuma. Asubuhi wanawake wako shambani, na wa mwaloni wako kwenye dagaa. Mkutano ukiitwa saa nne asubuhi ya Novemba, watakaohudhuria ni wale wasio na jembe mkononi. Kwa hiyo kazi yako inaanza Agosti au Septemba, wakati bado kuna nafasi ya kukaa na kuongea.

Hatua ya 1: Chagueni hoja moja

Kaeni pamoja, kila mtu aseme linalomkera, na anayeandika aandike yote. Mwaloni yatatoka mengi: hakuna pa kujisaidia, giza la alfajiri, dagaa kuanikwa mchangani na kupoteza bei, watoto kuachwa peke yao usiku, mvuvi anayetaka zaidi ya fedha ndipo akupimie ndoo. Msimkatize mtu.

Kisha pitisheni kila jambo kwenye maswali haya. Je, halmashauri ina mamlaka nalo? Je, linaweza kujengwa, kununuliwa au kuamuliwa ndani ya mwaka mmoja wa fedha? Likipatikana, siku ya mwanamke wa hapa itabadilika?

Andikeni hoja kwa kitu na kipimo. "Tunaomba wanawake wa mwaloni wakumbukwe" ni maneno ya haki, lakini mchumi wa halmashauri hawezi kuyaandikia kasma, yaani mstari wake kwenye bajeti. "Choo cha matundu sita, manne ya wanawake na mawili ya wanaume, tundu moja la kila upande liwe la watu wenye ulemavu, chenye bafu, tangi la maji na taa ya sola" anaweza.

*Kosa la kawaida:* kupeleka orodha ya mambo kumi. Kamati itachagua lililo rahisi kwake, na mara nyingi si mliloliumia. Mengine yabaki kwenye daftari, yana mwaka wake.

Hatua ya 2: Hesabuni wenyewe

Hapa ndipo kikundi kinapopata nguvu, na haina gharama zaidi ya usingizi.

Wawili wenu wakae kwenye njia ya kuingilia mwaloni kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne asubuhi. Mmoja anahesabu wanawake, mwingine wanaume. Watoto waandikwe peke yao. Rudieni siku kadhaa, kila siku na tarehe yake.

Zingatieni mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wengi wanapumzika na mwalo unabaki na watu wachache. Mkihesabu siku hizo mtapata namba ndogo, na mtaalamu ataandika kwamba mwalo hauna watumiaji wa kutosha. Hesabuni wakati wa giza, na muandike hivyo kwenye daftari: "siku za giza". Mkiweza, hesabuni na mbalamwezi pia muonyeshe tofauti. Inathibitisha kwamba hamjachagua siku nzuri tu.

Pimeni umbali wa kwenda choo cha karibu kwa hatua za mtu mzima. Waulizeni wanawake ishirini au thelathini maswali machache: ukibanwa unakwenda wapi? Unajinyima maji ili usibanwe? Ukiwa kwenye siku zako unakuja kazini? Majina yao msiyaandike, umri na kazi vinatosha.

Kama hoja yenu ni ya shule, kipimo kipo tayari. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 460 inahitaji matundu 23 ya wasichana. Yakiwepo 8, upungufu ni 15. Mkienda na hesabu hiyo hamhitaji kumshawishi mtu kwamba hali ni mbaya, mnamwonyesha.

Tenganisheni wanawake na wanaume kila mahali. Ripoti inayosema "wananchi 300 wanatumia mwalo" imemficha mwanamke. Ikisema wanawake 210 na wanaume 90, choo cha matundu matatu kwa matatu kinaonekana chenyewe kwamba si sawa.

*Kosa la kawaida:* kuongeza namba ili zipendeze. Mtu mmoja akija kuhesabu upya na kukuta uongo, hoja yenu na za kesho zote zitabezwa.

Hatua ya 3: Jueni mlango wa kubisha

Watu wanazunguka miezi kwenye ofisi isiyohusika. Kwa kifupi:

- Choo cha mwalo au soko, vichanja, zahanati, shule za msingi na sekondari za serikali: halmashauri.
- Maji vijijini: RUWASA, wakishirikiana na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Kwa Jiji la Mwanza na Ilemela: MWAUWASA.
- Barabara za vijijini na mijini: TARURA. Barabara kuu na za mkoa: TANROADS.
- Umeme wa gridi: TANESCO, na miradi ya vijijini kupitia REA. Taa za sola za mwaloni zinaweza kuwa mradi wa kijiji au halmashauri.
- Utaratibu wa mwalo wenyewe, usalama na usafi: BMU (kikundi cha wavuvi na wadau kinachosimamia mwalo) na afisa uvuvi.

Hata kama mlango ni RUWASA au TARURA, pitisheni hoja kwenye mkutano wa kijiji vilevile. Ombi lenye azimio la mkutano linabebwa na diwani, la mdomo linabebwa na upepo.

Na hapa nijibu swali ninaloulizwa kuliko yote: je, fedha ya choo ndiyo ule mkopo wa asilimia kumi? Siyo. Mkopo ule ni fungu jingine. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejea 2024 kwa utaratibu mpya. Ni mzuri, uombeni kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Lakini ni fedha ya biashara yenu na mtairejesha. Msikubali mtu awaambie mchukue mkopo wa kikundi ili mjenge choo cha umma.

Hatua ya 4: Zungukeni kabla ya mkutano

Anzeni na wajumbe wanawake wa halmashauri ya kijiji. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na sheria inataka wanawake wasipungue robo. Kwenye mtaa, kamati ni ndogo lakini nayo ina nafasi za wanawake. Wengi wa akina mama hawa walichaguliwa na kisha hawakupewa kazi yoyote zaidi ya kupiga kura ya ndiyo. Wapeni hesabu zenu, mkae nao jioni moja mpaka waielewe hoja kama yao. Mjumbe anayejua kwamba ni wanawake 210 anasimama na kusema.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata mwonyesheni daftari. Yeye anajua lugha ya halmashauri, na atawasaidia kuitaja Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Jinsia na Wanawake ya mwaka 2023 mahali panapofaa.

Kisha nendeni kwa wanaume wanaoheshimika mwaloni: wenye mitumbwi, viongozi wa BMU, wazee. Wasalimieni kwa heshima inayostahili, waulizeni ushauri badala ya kuwapa taarifa. "Mzee, tunaona mabinti zetu wanaingia kwenye matete alfajiri, wewe unashauri tufanyeje?" Mzee aliyeulizwa ushauri kabla hatasimama kupinga baadaye, na mara nyingi atasema mkutanoni jambo ambalo mngelisema ninyi mngeitwa wajeuri. Hilo linaniuma, kwa kuwa neno la mwanamke lilipaswa kutosha. Lakini choo kinahitajika mwaka huu.

Hatua ya 5: Barua ya kuingia kwenye ajenda

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Usisubiri "mengineyo". Mambo yanayosemwa kwenye mengineyo, jua likiwa linazama na watu wanaondoka, hayaandikwi.

Andikeni barua fupi wiki mbili au tatu kabla:

*"Kwa Mtendaji wa Kijiji. YAH: Maombi ya kuingiza ajenda ya ujenzi wa choo, bafu na taa katika mwalo wetu. Sisi wakazi wa kijiji hiki tunaofanya kazi mwaloni tunaomba jambo hili liwe ajenda inayojitegemea katika mkutano mkuu ujao, lijadiliwe na kutolewa azimio, ili liingie katika vipaumbele vya kijiji vya mwaka wa fedha ujao. Tumeambatanisha takwimu tulizokusanya."*

Majina, sahihi, tarehe. Peleka nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na unarudi nayo. Piga picha. Mtendaji akisema "acha tu, nitaikumbuka", tabasamu, mwambie umetumwa na kikundi na huwezi kurudi bila muhuri.

Hatua ya 6: Siku ya mkutano

Ombeni mkutano uwe alasiri, na ikiwezekana siku za mbalamwezi, wakati wanawake wa dagaa wana nafasi. Mwenyekiti muungwana atakubali. Tangazeni wenyewe: kanisani, msikitini, kisimani, kwenye vikoba, mwaloni.

Pangeni wasemaji watatu. Wa kwanza asome hesabu kwa dakika tatu. Wa pili aeleze hali ilivyo. Awe mwanamke wa mwaloni, aongee kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita kama ndiyo lugha inayomtoka moyoni, na mtu amtafsirie. Wa tatu alete ombi lenyewe na kusema: "Mwenyekiti, naomba mkutano uazimie." Msikae nyuma karibu na mti. Kaeni mbele, pamoja, na watoto wenu.

Mtu akisimama kusema "wanawake siku hizi mnadai sana", msimjibu kwa hasira na msimjibu nyote kwa pamoja. Wa kwanza arudi kwenye hesabu: hatua za kutembea, idadi ya watu, kinyesi kinachoishia kwenye maji tunayokunywa sote. Kipindupindu hakichagui jinsia, na kila mzee wa ziwani anakijua.

*Kosa la kawaida:* kuridhika na neno "limepokelewa". Kupokea si kuamua. Subirini mpaka mwenyekiti aseme mkutano umeazimia, mikono ihesabiwe, na idadi itamkwe kwa sauti.

Hatua ya 7: Muhtasari

Ningekuwa na nguvu ya kumshika kila msomaji mkono kwa hatua moja tu, ingekuwa hii.

Muhtasari wa mkutano ndio utakaosafiri kwenda kata. Ninyi hamtakuwepo, mzee aliyewaunga mkono hatakuwepo, makofi hayatakuwepo. Kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Nimesoma mihtasari ambayo mjadala wa saa nzima wa wanawake umekuwa mstari mmoja: "Akina mama walilalamikia suala la usafi." Hakuna choo hapo, hakuna mwalo, hakuna azimio. Mchumi akikutana na mstari huo hana la kufanya nao hata akiwa na moyo mwema.

Fanyeni hivi:

1. Mwandishi wenu aandike mwenendo wa mkutano kwenye daftari lenu, sambamba na mtendaji.
2. Kabla mkutano haujafungwa, mwombeni mwenyekiti azimio lisomwe kwa sauti.
3. Ndani ya siku tatu, nendeni ofisini mkaone rasimu. Mpeni mtendaji maneno yenu kama msaada. Mtendaji mmoja ana kazi nyingi, na anayemletea aya iliyo tayari amempunguzia mzigo.

Azimio zuri linafanana na hili: *"Azimio Na. 4: Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwa kura za wajumbe … (wanawake …, wanaume …), umeazimia kwamba ujenzi wa choo cha matundu sita chenye bafu, tangi la maji na taa ya sola katika mwalo uwe kipaumbele namba moja cha kijiji kwa mwaka wa fedha … Wananchi watachangia mawe na mchanga. Mtendaji awasilishe azimio hili kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata."*

Kuna vitu vinne humo, na kila kimoja ni lazima: nani ameamua, nini hasa, mwaka gani wa fedha, nani anapeleka wapi. Kikikosekana cha mwisho, kila mtu atadhani mwingine anapeleka.

4. Hakikisheni sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji zipo, pamoja na muhuri. Chukueni nakala mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Pigeni picha kila ukurasa.

Kuhusu hiyo "wananchi watachangia mawe na mchanga": fikirini vizuri kabla ya kuahidi. Nguvu ya wananchi inaharakisha mradi, ni kweli. Lakini nimeona miradi ambayo wanaume walichangia elfu mbili mbili na wanawake wakabeba maji na mchanga kichwani wiki nzima, na kwenye taarifa mchango ulioandikwa ni ule wa fedha tu. Kama mnachangia nguvu, kazi hiyo ithaminiwe kwa shilingi na iandikwe kwa jina la waliofanya.

Hatua ya 8: Kata

Kamati ya Maendeleo ya Kata inaongozwa na diwani, katibu wake ni mtendaji wa kata, na wajumbe ni pamoja na wenyeviti wa vijiji au mitaa. Diwani wa viti maalumu anayeishi kwenye kata hiyo naye ni mjumbe. Humo hoja yenu inashindana na za vijiji vingine, na wenyeviti karibu wote ni wanaume.

Wiki moja kabla, mwenyekiti wenu awe na karatasi moja mkononi: namba tatu, picha mbili, azimio. Diwani wa viti maalumu awe na karatasi hiyohiyo. Baada ya kikao ulizeni jambo moja tu: choo cha mwalo kimekuwa kipaumbele cha ngapi? Jibu liandikeni na tarehe.

Hatua ya 9: Halmashauri

Hapa mna nafasi mbili. Ya kwanza ni wataalamu: mchumi au ofisa mipango anayeingiza miradi kwenye mfumo wa bajeti. Mmoja wenu aende na afisa maendeleo ya jamii kuuliza kama mradi umeingia, kwa jina gani, na kwa fungu lipi. Ya pili ni kamati za kudumu za madiwani na baraza lenyewe. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nendeni wanne au watano, vaeni vizuri, kaeni kimya kwenye viti vya wananchi. Hamtaruhusiwa kusema. Lakini diwani anayewaona mmekaa pale hawezi kusahau kwamba mmetoka mwaloni kwa ajili ya ukurasa ule.

Hatua ya 10: Fedha ikifika

Kuanzia Julai ulizeni kila robo mwaka. Mradi ukianza kwa utaratibu wa kamati za wananchi, zitaundwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi ya vifaa. Daini wanawake kwenye zote, na hasa ya mapokezi, kwa sababu mifuko ya saruji inapohesabiwa ndipo choo cha matundu sita kinapogeuka cha manne.

Kabla fundi hajapandisha ukuta, angalieni: milango ya wanawake isitazamane na njia ya wanaume, komeo liwe la ndani, pawepo mahali pa kutupa taulo za kike, taa imulike njia na si paa.

Ukikwama

*Mtendaji anakataa kuweka ajenda.* Mjumbe mwanamke aiwasilishe kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, ambacho hukaa mara nyingi zaidi kuliko mkutano mkuu. Ikishindikana, nakala ya barua yenye muhuri iende kwa mtendaji wa kata.

*Mkutano haukufikia akidi (idadi ya watu inayotakiwa).* Msikubali "tumeshaelewana" bila azimio. Ombeni tarehe mpya hapohapo, iandikwe, na safari hii kila mmoja wenu alete watu watano.

*Mnaambiwa "iko nje ya ukomo wa bajeti".* Si mwisho. Gaweni mradi: mwaka huu choo na tangi, mwakani taa. Ombeni pia ufikiriwe kwenye mapitio ya bajeti ya nusu mwaka, ambapo fedha za miradi iliyokwama huhamishwa.

*Hoja ilikuwa namba moja kijijini na haionekani kwenye orodha ya kata.* Mwombeni mtendaji wa kata muhtasari wa kikao. Kama haikuwasilishwa, tatizo liko kijijini. Kama iliwasilishwa ikashindwa, ulizeni kwa hoja gani, mkajipange kwa mwaka unaofuata na hesabu mpya.

*Mwenzenu anatishwa nyumbani kwa sababu ya kusimama mkutanoni.* Hili linatangulia choo. Msimwache peke yake. Kata na kijiji vinapaswa kuwa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mtoto aliye hatarini, namba ya bure ni 116. Yeye akitaka kukaa pembeni kwa muda, heshimuni uamuzi wake, na jina lake litoke kwenye barua.

*Ofisa au kiongozi anataka ngono ili akusaidie.* Ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usiende tena ofisini kwake peke yako. Tunza ujumbe wote wa simu, mwambie mtu unayemwamini, na piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure.

*Choo kimejengwa, ufunguo anao mtu mmoja, alfajiri hapatikani.* Rudini kwenye halmashauri ya kijiji na pendekezo la maandishi: wasimamizi wawili, mmoja mwanamke, saa za kufungua zianze kabla mitumbwi ya dagaa haijafika, ada ibandikwe mlangoni, na mapato na matumizi ya choo yasomwe kila robo mwaka pamoja na taarifa ya fedha ya kijiji. Hiyo nayo ipate azimio, namba na muhuri.